Baiskeli Inarudi Bila Mwenyewe

Huruma, Eldoret
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba yangu mheshimiwa,

Kabla ya salamu, na ninaomba radhi kwa kuuvunja utaratibu wa barua, ninatamka wazi kwamba mimi ni mzima. Ninaijua desturi ya kwetu. Kitu cha mtu kikirudi nyumbani bila mwenyewe, akina mama hushika vichwa kabla ya kuuliza. Ndiyo maana nimemwomba makanga wa basi atamke kwa sauti, mara tu atakapoishusha baiskeli hapo Bumala, maneno haya: "Mwenye hii yuko hai, yuko kazini." Huenda akasahau. Kwa hiyo barua hii nimeifunga kwa nailoni nikaisokomeza chini ya kiti, pale ulipokuwa ukificha kitambaa cha kupangusia mnyororo, kwa kuwa ninajua ndipo mkono wako utakapokwenda kwanza.

Sasa salamu. Magoti yako yanasemaje katika mvua hizi? Mama bado anaamka na kile kikohozi, au majani ya nyanya yetu, Kukhu, yamemsaidia? Ndugu yangu Wandera amemaliza kuezeka jiko, ama bado mnapikia chini ya turubai? Huku baridi ni ileile uliyoiona ulipokuja kunitembelea, ukakataa kuvua koti hata wakati wa kula. Mwilini sina la kulalamikia. Ya moyoni ndiyo nitakayoyaeleza.

Ulinitumia ujumbe kwa simu ya Wandera ukiniuliza mambo mawili. La kwanza, kama baiskeli yako bado inanifaa. La pili, uliniagiza niandike barua rasmi kwa ofisi ya Chifu, kwa niaba ya wote wanaopita katikati ya miwa ya Mzee Ojiambo, ili njia ile itambuliwe, ipanuliwe, na kijito kiwekewe daraja la kufaa, watu waende zahanati na sokoni kwa miguu na kwa baiskeli badala ya kuzungukia barabara ya murram wakiwa juu ya pikipiki. Ukamalizia: "Andika wewe, kwa sababu wewe unajua kupanga maneno."

Baba, sentensi hiyo ilinifurahisha na kuniumiza kwa wakati mmoja. Nitakujibu yote mawili, lakini sharti nitangulize yaliyotokea huku, kwa maana majibu yangu yametoka humo.

Unafahamu kwamba mimi ni karani wa stoo katika kiwanda cha unga. Ninatoa magunia, nyuzi za kushonea na grisi ya mashine. Unafahamu pia kwamba baada ya darasa la nane sikupata mwalimu mwingine isipokuwa kamusi iliyokosa jalada na nakala za barua za zamani nilizopewa na katibu wa kanisa. Humu kiwandani, mwenye ombi la likizo, la mazishi au la kuhamishwa zamu huja kwangu saa ya chakula, nami humwandikia. Sijawahi kumkataa mtu. Sisemi haya kwa kujisifu. Ninataka uone kosa liliingilia mlango gani.

Mwaka huu tuliletewa meneja mpya, mtu mpole, anayekuja peke yake katika gari la viti saba. Alibandika tangazo kwamba kampuni inataka safari za wafanyakazi kati ya nyumbani na kazini zipunguze moshi na mafuta, zisiyachafue mazingira, na kwamba kila mwenye pendekezo alitie katika sanduku lililo kando ya saa ya ukutani ya kuingilia kazini. Watu walicheka sana. Simiyu wa mashine ya kusaga alilisoma kwa sauti, kisha akauliza:

"Sisi ndio tupunguze moshi? Mimi moshi yangu yote ni ya uji."

"Labda wanataka tupumue polepole," akajibu mwingine.

Mimi sikucheka. Niliona kwamba kwa mara ya kwanza ofisi imeuliza swali ambalo jibu lake ni sisi wenyewe. Wengi wetu tunaoishi Huruma tulikuwa tukija kwa miguu, tukifuata ukingo wa mto Sosiani, na kuingia kupitia pengo lililokuwa katika ua wa seng'enge nyuma ya ghala la pumba. Aliyelifungua pengo hilo simjui. Mlinzi wa upande huo, Mzee Kiprono, alikuwa akituona tunakuja, naye akigeuza uso kuelekea redio yake. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Nilipofika na baiskeli yako niliilaza ubavu ili ipenye, na sikuzote kulikuwa na mkono upande wa pili ulioshika gurudumu la mbele. Mara nyingine sikujua ni mkono wa nani. Kwa njia hiyo fupi, chai niliyoiacha ikifuka chumbani, ningeweza kurudi na kuinywa ingali moto.

Nikaandika kurasa nne. Nilieleza kwamba wafanyakazi wanaotembea tayari wanalitenda lile ambalo kampuni inalitafuta, na kwamba kilichobaki ni kuwatengenezea njia. Niliomba mambo matatu: pengo lifanywe lango dogo, baiskeli zijengewe kibanda chenye paa, na mabwana wa ofisini wanaotoka mtaa mmoja wakubali kupanda gari moja. Hilo la tatu nililiweka kwa lugha laini mno. Ili ombi lisipungukiwe na ushahidi, nikaambatanisha ramani niliyoichora kwa rula. Nilionyesha pengo lilipo, upana wake, na saa ambazo watu hulitumia. Na hapa, Baba, ninataka usome taratibu. Niliandika kwamba mlinzi wa zamu, kwa hekima yake, huwaruhusu.

Yupo mama mmoja, Mama Nekesa, aliyekuwa akifagia sakafu ya kupakia unga. Anakaa ploti ya pili kutoka kwetu. Nyonga yake iliwahi kuvunjika na kuungwa vibaya, hivyo mguu mmoja umekuwa mfupi, na hatua zake ni za kuhesabu. Kwa njia ya mtoni alifika kwa wakati kila siku, akiwa na ufagio wake mwenyewe, maana ule wa kampuni aliuona mwepesi. Hajui kusoma. Saa ya chakula aliniomba nimsomee ombi lote, na wengine wakasogea.

Nilipomaliza, Mama Nekesa akasema:

"Karani, hiyo barua ni tamu. Lakini toa hiyo shimo."

"Mama, shimo ndilo hoja yenyewe."

"Shimo ikiandikwa itazibwa."

"Ofisi imeuliza yenyewe. Hatuwezi kuomba lango bila kueleza tunapita wapi."

"Na nani amekosa lango? Sisi tuko na shimo."

Watu wakacheka. Simiyu akamwambia, "Mwachie tu, Mama. Karani akinyimwa ramani atagonjeka."

Mimi nilimjibu kwamba ombi linaloficha jambo si ombi, ni hila. Ninaikumbuka sentensi hiyo kwa sababu niliionea fahari. Siku hiyohiyo nikaitia barua sandukuni.

Meneja aliniita. Alinipa mkono, akaniketisha, akasema hajawahi kupokea maandishi ya namna ile kutoka stoo. Katika mkutano wa wafanyakazi alisoma ukurasa wa kwanza mbele ya watu wote. Walipiga makofi. Mama Nekesa naye alipiga, polepole, akinitazama. Baadaye nilipigwa picha nikiwa na baiskeli yako mbele ya maua ya ofisi. Niliipangusa kwanza kwa kitambaa chako.

Wiki iliyofuata wakaja mafundi wa kuchomelea. Nilidhani wamekuja kutengeneza lango. Hawakujua mahali, wakauliza stoo. Baba, ni mimi niliyewapeleka. Nilitembea mbele yao nikiwa na nakala yangu ya ramani.

"Ni hapa?" akauliza mkubwa wao.

"Ni hapa hasa," nikamjibu.

Kufikia jioni palikuwa na nguzo mbili za saruji na seng'enge mpya ya safu mbili, yenye meno kama wembe. Asubuhi yake watu walifika pale wakiwa na vikapu, wakasimama. Waligeuka mmoja mmoja, wakarudi kuzungukia barabara kuu.

Mzee Kiprono alihamishiwa ghala la kampuni lililoko Soy, mbali na nyumbani kwake. Alikuja stoo kurudisha tochi na koti la mvua, na kuchukua redio. Nilisimama kumsalimia. Aliipokea salamu yangu vizuri, akatia sahihi, kisha akasema bila hasira, "Kumbe ile hekima yangu iliandikwa." Akaenda zake.

Tulielezwa kwamba ni suala la usalama, kwamba mahali pa kuingilia pasiporuhusiwa hapawezi kuvumiliwa baada ya kujulikana. Ninakuomba uliangalie neno hilo, "baada ya kujulikana." Wakati wote kabla ya hapo palikuwa pakivumilika.

Nisiwe mwongo, kibanda cha baiskeli kilijengwa. Kina paa la kijani na kinatosha baiskeli sita. Kipo kwenye lango kuu, linalofunguka moja kwa moja kwenye barabara ya malori yanayokwenda Malaba. Yangu ilikuwa peke yake humo. Kuhusu mabwana kupanda gari moja, sikujibiwa. Ila uwanja wa kuegesha umeongezwa hadi ulipokuwa mti wetu wa kukalia saa ya chakula.

Sasa ni barabara kuu tu. Haina ukingo wa watu wa miguu. Mvua ikinyesha, unachagua kati ya tope na matairi. Haukupita muda mrefu watu waliokuwa wakitembea wakaanza kupanda pikipiki, wawili wawili, watatu watatu, na leo kuna stage nzima ya boda mbele ya kiwanda, kando ya kibanda kile cha kijani. Siku moja Simiyu alishuka pale, akajikung'uta, akaniita mbele ya watu:

"Karani, umetuletea maendeleo! Sasa hata mimi niko na moshi."

Nilicheka pamoja nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mama Nekesa asingeweza kuzungukia njia hiyo kwa mguu wake, na mshahara wa kibarua hauwezi kuibeba nauli ya pikipiki ya kila siku. Basi nikamwambia apande keria. Wewe uliwabeba watu usiowajua kule mpakani miaka mingi, ukatulea kwa kazi hiyo, nami sikuwahi kujua uzito wake hadi wakati huo. Sasa ninajua kwa nini ulikuwa ukirudi ukiwa kimya. Alikaa upande, leso imefungwa kiunoni, ufagio mkononi kama mtu anayekwenda na bendera. Vijana wa boda walitungojea kila asubuhi.

"Karani amefungua stage!"

"Mama, huyo dereva ako na leseni ama ako na kamusi?"

Naye aliwajibu akiwa palepale nyuma yangu: "Nyinyi endeni na petroli yenu. Mimi nimebebwa na Kiswahili."

Baba, hizo ndizo asubuhi pekee nilizofurahi mwaka huu. Zilikuwa tisa.

Siku ya kumi, tulipokuwa tukipanda kile kilima kidogo, lori lilitupigia honi kwa nyuma, karibu mno. Nilitoka kwenye lami, gurudumu likaingia mtaroni. Mama Nekesa aliangukia ule upande mbovu. Hakuvunjika. Aliketi kwenye nyasi, akapapasa kando yake, na kitu cha kwanza alichouliza ni ufagio uko wapi. Foku inayoshika gurudumu la mbele ilipinda. Niliipeleka kwa mafundi wa jua kali wa hapa Huruma wakainyoosha, lakini utaona alama ya nyundo. Ninaomba unisamehe alama hiyo.

Nilipewa barua ya onyo, kwamba kubeba abiria kwa baiskeli katika safari ya kazini ni kinyume cha kanuni za usalama. Mama Nekesa alijaribu kutembea. Alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jogoo wa ploti yetu kuwika, na bado saa ya kuingilia ilimtangulia. Baada ya muda aliambiwa apumzike kwanza, ataitwa. Yeye ni kibarua, na mapumziko ya kibarua hayana tarehe. Sakafu yake amepewa mwingine.

Alikuja kuchukua kikombe chake na ndara zake alizokuwa akiziweka stoo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, marefu na ya heshima. Alinizuia kwa mkono.

"Sikulaumu, Karani. Umenibeba, nimeona. Lakini siku ingine ukiona shimo, pita."

Nikamfungia ndara zake kwa uzi wa kushonea magunia.

Usidhani niliketi tu. Niliandika ombi la pili, la kufungua pengo na kumrudisha. Nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba suala limehitimishwa. Niliandika la tatu. Hilo halikujibiwa. Ndipo nikaenda mwenyewe. Meneja alinipokea kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa kabisa, kwa maana adui ningejua kumwandikia.

"Bwana Barasa, umetusaidia sana," akasema. "Tazama."

Ukutani palikuwa na picha yangu, kubwa kuliko dirisha, nimeshika baiskeli yako. Chini yake imeandikwa kwamba wafanyakazi wetu wamechagua usafiri safi. Keria inaonekana, pamoja na ile ngozi uliyoishona kwa mkono. Pembeni kabisa, ukichunguza, inaonekana ncha ya ufagio.

Nilimweleza habari za ua. Akasema hayo hayamo mikononi mwake. Nilimuuliza kwa adabu yamo mikononi mwa nani. Aliitazama saa.

"Andika," akaniambia. "Ukiwa na maoni, wewe andika tu."

Sasa majibu yako.

La kwanza: baiskeli imenifaa kuliko kitu chochote ulichowahi kunipa, lakini huku haina pa kupita. Nimekuwa nikitembea, nayo imening'inia ukutani chumbani ikinitazama. Ni afadhali iende kwenye njia. Wandera aitumie kumpeleka Mama zahanati, badala ya lile wazo lake la kununua pikipiki. Mwambie asikaze sana breki ya nyuma.

La pili: hapana, Baba. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kukataa kuandika, na ninakukatalia wewe. Mzee Ojiambo huwaona mkipita kila siku, naye huendelea kupalilia. Barua ikifika, ataulizwa ni kwa idhini ya nani. Wanawe walio Nairobi wataulizwa pia. Atakuja mtu na futi ya kupimia. Mzee atatakiwa kusema ndiyo au hapana mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kutakiwa kulisema, na wanawe watamsaidia kusema hapana. Barua yenyewe tayari nimekwisha kuitunga kichwani. Ni nzuri. Hilo ndilo linalonitisha.

Kijito kikijaa, wekeni mawe. Siku ya kukata miwa, nendeni mkamsaidie Mzee, kisha mpite. Msipime chochote. Sisemi kwamba njia hiyo itadumu. Siku moja mtu atailima, au atauza shamba, na nyote mtapanda pikipiki kama sisi. Sina matumaini ya kukutumia kuhusu jambo hili. Ninachoomba ni kwamba isije ikafungwa kwa mwandiko wangu.

Msalimu Mama, na umwambie makanga alisema kweli. Msalimu Kukhu, Wandera na mkewe, na shangazi aliyenifumia sweta hili ninalolivaa nikiandika. Mzee Ojiambo msalimu kwa namna ya pekee, lakini usimwambie sababu.

Nimeisoma barua hii tena kabla ya kuifunga, kama ilivyo kawaida yangu, na nimeona kwamba nimeitaja njia yenu, na kijito, na miwa, na jina la mwenye shamba, yote kwa mpangilio mzuri. Tafadhali ukishaisoma, usiihifadhi pamoja na zile nyingine. Mpe Mama aiwashie moto.

Ni mimi mwanao, mwenye heshima kwako,
Barasa